Kausha Mboga Kivulini

Msikilizaji wa Mpanda na Katavi yote, wakati wa mvua majani ya kunde yanajaa shambani, kiangazi yanaadimika. Yakaushe sasa, lakini kivulini. Jua kali huyapausha na kuharibu vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto. Utasema kivulini yataota ukungu. Hayaoti ukiyachemsha kidogo, ukayachuja, kisha ukayatandaza kwenye ungo penye upepo, juu yake kitambaa chepesi cha kuzuia nzi. Yakivunjika kwa mlio ukiyafikicha, yamekauka. Yaweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Siku ya kupika, yaloweke, yachemshe, tia karanga zilizotwangwa. Mafuta yake husaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Narudia: kausha kivulini, usianike juani.