Uso Usiokunjuka: Visawe vya Huzuni na Matumizi Yake katika Kiswahili

Kiingereza kina kivumishi kinachomtatiza kila mfasiri wa Kiswahili: saturnine. Humweleza mtu mzito wa mwenendo, mkimya, mwenye uso uliokunjamana na asiyecheka upesi. Neno hilo limetokana na jina la sayari ya Zohali. Wanajimu wa kale wa Ulaya waliishikilia imani kwamba mtu aliyezaliwa chini ya nyota hiyo hurithi ubaridi na uzito wake. Mhadhara huu unauliza kwa nini Kiswahili, lugha isiyopungukiwa na maneno ya huzuni, hakina neno moja linalolingana na hilo, na kosa la kuchagua kisawe huleta madhara gani.

Sababu si kwamba pwani haikuijua Zohali. Elimu ya nyota iliyopokewa kwa njia ya Kiarabu iliihesabu sayari hiyo kuwa chimbuko la nuhusi kubwa. Hata hivyo, Kiswahili kiliichukua nuhusi kwa maana ya bahati mbaya. Siku huwa na nuhusi na safari huwa na nuhusi, lakini nuhusi haikupata kuwa jina la sura ya mtu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa tiba ya kale iliyofundisha kwamba mwili huongozwa na viowevu vinne. Ulaya ilivitumia viowevu hivyo kuzitaja tabia za watu. Kiswahili kilipokea safura na balghamu, kikayafanya majina ya mambo ya maradhi, na tabia kikaitafutia msamiati kwingine.

Msamiati huo umo zaidi katika vitenzi. Vivumishi vya asili vya Kibantu ni vichache, na hali za moyo husemwa kwa kitenzi chenye kiambishi -me-: amenuna, amesononeka, amejiinamia, amesawijika, ameshika tama, amekunja uso. Kiambishi hicho hueleza hali iliyotokana na jambo lililotukia. Na hali iliyoingia yaweza kutoka. Kunja ina kinyume chake kunjua, na kutokana na kunjua tumepata uso mkunjufu. Kwa hiyo, pale ambapo kivumishi cha Kiingereza humfunga mtu na nyota yake, kitenzi cha Kiswahili humwachia nafasi ya kukunjua uso.

Visawe vyenyewe havilingani sawasawa. Huzuni ni jina pana linaloenea mahali pengi. Majonzi na simanzi aghalabu huandamana na msiba. Jitimai husikika zaidi katika ushairi na lugha ya adabu. Sononeko ni uchungu wa ndani unaodumu, na ukiwa ni hali ya aliyeondokewa na watu wake. Kununa ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa ndani yake mna hasira au kinyongo.

Kauli ya kutendea huidhihirisha tofauti hiyo. Asemwaye kuwa amemnunia mwenzake ana ugomvi naye; asemwaye kuwa amemhuzunikia mwenzake anamwonea uchungu. Kiambishi ni kimoja, lakini kitenzi cha kwanza humfanya mwenzake kuwa mkosaji, na cha pili humfanya mwenye kustahili huruma. Maneno yanayoachana namna hii hayawezi kubadilishana nafasi bila kubadili maana.

Katika maisha ya watu tofauti hii ina uzito. Chukuliwa mjane wa Kiislamu wa Tanga au Pangani aliye edani, ambayo ni miezi minne na siku kumi. Jamaa wanaingia kumpa mkono wa tanzia, naye ameketi kimya, hainui uso. Mmoja akitoka na kusema, "Ana majonzi," amemtetea. Mwingine akisema, "Amenuna," amemshtaki, na huenda neno hilo likazua fitina kati ya wakwe na ndugu wa marehemu. Uso uliotazamwa ulikuwa mmoja. Shuleni ni vivyo hivyo: mwanafunzi aliyeandikwa kuwa amenuna huitwa kuadhibiwa, aliyeandikwa kuwa amesononeka huulizwa yaliyompata nyumbani.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliijua vyema tofauti baina ya sura na moyo. Alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi la maombolezo. Katika hadithi yake, Adili na Nduguze, Adili huwapiga nyani wawili kila usiku, kisha huwalilia na kuwabembeleza. Anayetazama mkono tu humwita katili. Anayesubiri kisa hadi mwisho hufahamu kwamba nyani hao ni nduguze, na kwamba Adili anatimiza amri inayomuumiza.

Funzo hilo lawahusu watunga kamusi. Tangu kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981 na zilizofuata, msamiati umekusanywa kwa bidii kubwa. Lakini simanzi ikifafanuliwa kwa huzuni, na huzuni kwa majonzi, mwanafunzi huzunguka asifike. Kidahizo cha namna hii chahitaji kujibu maswali matatu: hali hiyo imesababishwa na nini, yaelekezwa kwa nani, na yadumu kwa muda gani.

Mfasiri wa kivumishi kilichotajwa naye aanze na maswali hayo. Ikiwa mhusika ana tabia ya kudumu, "mtu mkimya asiyekunjua uso" yatosha. Ikiwa amepatwa na jambo, kitenzi chenye -me- ndicho stahili. Na ikiwa sababu haijulikani, basi neno kununa lisitumike, kwa maana humhukumu mtu kabla hajaulizwa.