Kriketi Nayo ni ya Taifa



Mliposikia kwamba nitazungumzia kriketi, baadhi yenu mlicheka, wala sikushangaa. Hapa Mtabila uwanja ni wa kandanda. Hata hivyo taifa letu linayo timu ya kriketi. Mwaka 1975 Tanzania ilikuwa sehemu ya timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, ikashindwa michezo yake yote mitatu.

Wako wasemao kuwa huo ni mchezo wa mkoloni. Basi na watazame Rwanda, nchi ambayo haikutawaliwa na Mwingereza. Kriketi iliingizwa huko na vijana waliokulia ukimbizini Kenya na Uganda, wakarejea kwao baada ya mwaka 1994. Mwaka 2022 wasichana wa Rwanda walitushinda sisi katika fainali ya kufuzu Kombe la Dunia la chini ya miaka 19. Mwaka uliofuata wakaishinda West Indies. Nasi tulioishi jirani na kambi ya wakimbizi, hadi ilipofungwa mwaka 2012, tunajua kwamba arejeaye hawi mikono mitupu.

Ikiwa mtoto wa Kasulu hawezi kuchaguliwa kwa kuwa hajapata kuliona gongo (nasema la mbao, si lile la chupa), timu hiyo ni ya taifa kwa jina tu. Fundi seremala atalichonga. Mpira wa tenisi watosha kuanzia. Naomba kipindi kimoja cha michezo kila wiki, wasichana wakiwemo.