Kikundi Kikitaka Kuunda Kompyuta Yake: Pesa Ziende Wapi?

(Mazungumzo na makatibu na wawekahazina wa vikundi vya kujisaidia)



Swali linaloletwa ofisini kwetu siku hizi ni lile lile: "Vijana wanasema tukinunua vipande na kuviunganisha wenyewe tutaokoa pesa. Ni kweli?" Inawezekana, lakini msitegemee kuona akiba hiyo siku ya kwanza. Kompyuta iliyotumika ofisini Ulaya na kuletwa hapa kwetu mara nyingi ni ya bei rahisi kuliko mtakayounda kwa vifaa vipya. Faida ya kuunda iko mbele. Kipande kimoja kikifa mnabadilisha hicho tu, na kijana aliyekiweka anajua kilipo. Zile za ofisi nyingi zina bodi na pawa saplai za umbo lao wenyewe, na kupata nyingine ya kutoshea ni shida. Tena zile za zamani sana hazikubaliwi na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Sasa, kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, andikeni kazi. Kompyuta hii itafanya nini? Vikundi vingi mtasema: kuandika kumbukumbu za mikutano, kuweka hesabu za michango na mikopo, kuwasaidia watu kwenye eCitizen na kujaza fomu za kodi kabla ya tarehe 30 Juni, na vijana wajifunze. Hiyo si kazi nzito. Haihitaji grafiki kadi, kile kifaa ghali kinachotakiwa na watu wa michezo na filamu. Kijana akianza kuwaambia habari za taa za rangi ndani ya kasha, mrudisheni kwenye ile karatasi ya kazi.

Mzee mmoja alituuliza jambo ambalo tunajua wengi mnalifikiria: "Si tununue kidogo kidogo? Mwezi huu prosesa, mwezi ujao bodi, kama tunavyojenga nyumba?" Tumemwelewa kabisa, maana pesa za kikundi huja hivyo. Lakini mzee wetu, mabati yakikaa stoo miezi sita ni mabati yale yale. Prosesa peke yake huwezi kuijaribu. Haiwaki mpaka ipate bodi, memori na stima. Na ule muda wa kurudisha kifaa kibovu unaanza kuhesabiwa siku iliyoandikwa kwenye risiti, hausubiri siku mtakayofungua boksi. Mkimaliza kukusanya vipande baada ya miezi minane ndipo mgundue bodi ilikuwa imekufa tangu mwanzo, muuzaji atawaonyesha tarehe, na hapo pesa za wanachama zimekwenda. Kwa hivyo wekeni pesa kwenye akaunti ya kikundi mpaka zitimie zote, mnunue kwa safari moja, muunganishe wiki hiyo hiyo. Mtasema bei hupanda. Ni kweli, bei ya memori ilipanda sana duniani kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu zao kwenye kompyuta kubwa za akili bandia. Basi ulizeni bei upya kabla ya kusafiri, msitegemee karatasi ya miezi mitatu iliyopita.

Haya, tuje kwenye kuchagua. Anzeni na prosesa, kwa sababu ndiyo inayoamua bodi, na bodi ndiyo inayoamua memori. Tutoe mfano mmoja mnaoweza kuufuata. Kampuni ya AMD ilitoa mwaka 2021 prosesa iitwayo Ryzen 5 5600G. Hutumia wati 65, na ile ya boksi huja na feni yake. Ile herufi G mwishoni ndiyo yenu, maana yake ni kwamba ina uwezo wa kuonyesha picha kwenye skrini bila grafiki kadi. Ndugu yake aitwaye 5600, bila G, hana uwezo huo. Mtaunganisha kila kitu vizuri, feni itazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Kwa prosesa za Intel mambo ni kinyume: yenye herufi F mwishoni ndiyo isiyo na picha. Herufi moja tu, na mara nyingine ndiyo inayofanya bei ionekane nzuri.

Prosesa hiyo hukaa kwenye bodi ya soketi ya AM4, nayo bodi ya AM4 hupokea memori ya DDR4. Memori ya DDR5 haiingii, pengo lake liko mahali pengine, msiisukume kwa nguvu. Memori ya laptopu nayo ni fupi, si yenu. Nunueni vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwani viwili hufanya kazi kwa haraka zaidi, hasa pale ambapo prosesa ndiyo inayotoa picha. Pesa zikikaza sana, anzeni na kimoja cha GB 8 na muache nafasi ya pili wazi. Na mwulizeni muuzaji kama bodi imeshawekewa programu ya ndani inayoijua prosesa hiyo, kwa sababu bodi za zamani za AM4 huikataa mpaka zisasishwe.

Kwa kuhifadhi kazi, chukueni diski ya SSD hata ya GB 240. Haina sehemu inayozunguka, na kompyuta huwaka haraka sana kuliko kwa diski ya zamani. Kitu kitakachowapa furaha ya kila siku ni hiki, kuliko kuongeza pesa kwenye prosesa.

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri: pawa saplai. Ndicho kifaa ambacho watu hupunguzia pesa, na ndicho kinachoweza kuua vingine vyote. Stima yetu ni volti 240, na vijijini huruka na kurudi kwa kishindo. Kompyuta kama tuliyoieleza haifiki hata wati 150, kwa hivyo pawa saplai nzuri ya wati 450 inatosha na kubaki. Msidanganywe na ile iliyoandikwa 700 lakini nyepesi kama boksi tupu, inayokuja bure ndani ya kasha. Tafuteni yenye alama ya 80 Plus. Ikiwa nyuma ina swichi nyekundu yenye 115 na 230, hakikisheni iko kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115, italipuka. Kisha tafuteni UPS ndogo, iwape dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima.

Wengine husahau kuhesabu skrini, kibodi, mausi, UPS na nauli. Andikeni hivyo kwanza, ndipo mjue zimebaki ngapi za vipande vya ndani. Programu zisiwatishe: Linux Mint ni ya bure, na LibreOffice ya bure hufanya barua na hesabu zote za kikundi.

Siku ya kununua waende wawili, mwekahazina na kijana anayejua, hata kama ni Luthuli Avenue ambako duka limepakana na duka. Risiti iandike jina kamili la kila kifaa na namba yake. Prosesa ya AM4 ina vipini vidogo chini yake, itazameni kabla ya kutoka dukani, kwani kipini kikipinda mkiwa nyumbani hakuna atakayewasikiliza. Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja na bisibisi moja. Gusa chuma cha kasha kwanza, ili umeme wa mwilini usiharibu bodi.

Vikundi vilivyo tayari, leteni ofisini kwetu karatasi mbili: ya kazi, na ya vifaa pamoja na bei za maduka mawili. Tutaipitia pamoja nanyi kabla hamjatoa pesa benki.