MOYO WA MWANAMKE UNAPOTOA ONYO

(Maneno ya Kamati ya Wanawake katika mkutano wa tawi)



Leo hatukusimama kusema habari za mshahara. Tumekuja kusema habari ya moyo, na tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Mwenzetu mmoja, mchuma chai, mama wa makamo, alilalamika majuma mawili kwamba amechoka uchovu asioujua. Usiku hapati usingizi, na akipanda mlima na kikapu chake anaishiwa pumzi. Sisi tulimwambia ni umri tu, apumzike Jumapili. Asubuhi moja, tukiwa kazini, akashikwa na kichefuchefu, jasho baridi likamtoka, taya likamuuma. Nyapara akasema ni gesi ya tumbo. Sisi nasi tukampa maji ya tangawizi, akaketi chini ya mti mpaka saa nane mchana. Alipofikishwa hospitali, daktari alisema ni mshtuko wa moyo, na sehemu ya moyo imekwisha kufa. Mama yule yu hai, lakini kikapu hawezi kukibeba tena. Hakuna kati yetu aliyefikiri habari ya moyo, kwa sababu hakushika kifua.

Moyo ni msuli, nao unalishwa na mishipa yake wenyewe ya damu. Mshipa mmoja ukizibwa, mara nyingi na damu iliyoganda, sehemu ile ya msuli huanza kufa. Damu ikipitishwa mapema, sehemu hiyo yaweza kuokolewa. Tukichelewa, iliyokufa hairudi.

Kubanwa au kuumwa kifua ndiyo dalili kubwa, kwa wanaume na kwa wanawake pia. Asiidharau mtu. Lakini wanawake huonyesha dalili nyingine zaidi kuliko wanaume, na pengine kifua hakiumi kabisa. Dalili zenyewe ni hizi: kuishiwa pumzi, maumivu ya mgongo kati ya mabega, ya shingo, ya taya au ya mkono, kichefuchefu au kutapika, jasho baridi, kizunguzungu, udhaifu wa ghafula, na maumivu juu ya tumbo yanayofanana na kiungulia.

Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na Jean McSweeney, walitangaza majibu ya wanawake 515 waliopatwa na mshtuko wa moyo. Katika kila 100, wapatao 95 walikuwa wameona dalili kabla ya siku yenyewe: 71 uchovu usio wa kawaida, 48 kukosa usingizi, 42 kuishiwa pumzi. Na siku yenyewe, 43 hawakuumwa kifua.

Hatusemi kwamba kila uchovu ni moyo. Sisi sote twachoka. Lakini uchovu mpya, usiolingana na kazi uliyofanya, usiokwisha hata ukilala, huo upeleke kwa daktari. Wajihadhari zaidi wenye presha, wenye sukari, wavutao tumbaku, waliokoma hedhi, na waliopata presha wakati wa mimba. Mwenye sukari pengine hasikii maumivu hata kidogo.

Sasa, tufanye nini mwenzetu akishikwa? Aache kazi mara moja na aketishwe. Asiachwe peke yake, asitembee kwenda zahanati, wala asingoje zamu iishe. Itafutwe gari, apelekwe hospitali. Kama ana fahamu, na aspirini haimdhuru wala hana ugonjwa wa kutokwa damu, atafune kidonge kimoja cha miligramu 300. Mkifika, msiseme tu "ameumwa tumbo". Semeni, "Tunaogopa ni moyo, tunaomba apimwe moyo." Akianguka na kuacha kupumua, mlazeni chali, mbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, msiache mpaka msaada ufike.

Mtu asiwatishe kwa habari ya fedha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo ruhusa ya ugonjwa: si chini ya siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Basi dada asifiche ugonjwa kwa kuogopa kukatwa siku.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mambo mawili. Kwanza, wawakilishi wetu wapatane na mwajiri ni gari gani litakalobeba mgonjwa na nani ataliendesha, ili mgonjwa asikae akingoja ruhusa ya ofisi. Pili, manyapara na wafanyakazi, wanaume kwa wanawake, wafundishwe dalili hizi.

Na ninyi akina baba, mkirudi nyumbani jioni hii, waelezeni wake zenu na mama zenu. Mwanamke akisema, "Leo sijisikii kama siku zote," msimjibu kwamba amezoea kulalamika. Sisi tulijibu hivyo mara moja, na mwenzetu ndiye anayelipa.