Ila Iliyofichwa Ndani ya Injini



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona kuwa ni la gereji, si la mimbari. Nalo ni gari kuukuu linalouzwa, hali mwenyewe anajua kwamba injini yake imekufa mara mbili au tatu, na kwamba itakufa tena.

Sisi watu wa Same tunaijua milima yetu. Mtu akitoka mjini katika joto la tambarare, akashika njia ya Mwembe kupanda kwenda Myamba, gari lake hupanda kwa gia ndogo muda mrefu. Injini hufanya kazi kwa nguvu zake zote, na upepo wa kuipoza rejeta ni haba kwa kuwa mwendo ni mdogo. Gari ambalo Dar es Salaam lingekwenda miezi bila ya kunung'unika, huku kwetu huchemsha katika juma la kwanza.

Ndugu watatu wa tumbo moja, wakulima wa huko juu, walikusanya fedha zao za tangawizi za misimu miwili wakanunua pikapu kuukuu. Walimnunulia mtu waliyekuwa wakisimama naye safu moja katika swala. Injini ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Walilijaribu kwenye lami ya kwenda Makanya, njia isiyo na mlima, wakaridhika, wakalipa. Siku ya nne, wakiwa katika mpando na magunia nyuma, likachemsha. Fundi akakuta gasketi ya silinda hedi imeungua, maji yameingia katika oili, na oili imekuwa kama chai ya maziwa. Gasketi ikabadilishwa. Baada ya majuma matatu ikaungua tena. Mara ya tatu injini ikanoki kabisa, na karo ya mtoto wa mkubwa wao ilikuwa imekwisha kuingia katika vipuri.

Ndipo akaitwa fundi mwingine. Alipolitazama tu akasema, "Hili nimelifungua mimi mara mbili. Hedi yake imepinda." Na hedi ikishapinda, gasketi mpya ni kiraka juu ya nguo iliyooza: joto likizidi itavuja pale pale. Fundi huyo siku ya mauzo alikuwapo, amesimama kando. Alinyamaza kwa sababu hakuulizwa.

Ndugu zangu, habari ya muuzaji mnaijua. Amepokea Abu Huraira (R.A.), na Imamu Muslim ameiandika katika Sahihi yake, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akatoa udhuru kuwa ilinyeshewa. Mtume akamhoji kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Injini iliyooshwa ikang'aa, na oili nzito iliyotiwa ili kuficha mlio, ndiyo ile nafaka kavu iliyowekwa juu.

Lakini leo nataka tumtazame zaidi yule aliyesimama kando. Imamu Ghazali anaeleza katika Ihya kwamba sahaba Wathila bin al-Asqa (R.A.) alikuwapo mtu mmoja alipouza ngamia jike kwa dirhamu 300. Mawazo yake yalikuwa kwingine. Alipozinduka, mnunuzi amekwisha kwenda. Akamkimbilia akimwita, akamwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibiwa kuwa ni kwa kupanda, alimwambia kuwa ukwato wake una tundu aliloliona, wala hataweza kuendelea na mwendo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100. Muuzaji alimlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila akajibu kuwa wao walimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu.

Wathila hakuwa muuzaji, wala hakuwa na senti katika ngamia yule. Na hakungoja aulizwe, alikimbia.

Enyi mafundi, ninyi ndio mnaoziona kwato. Najua ugumu wake: mwenye gari ni mteja wako, naye atakuhama. Lakini injini ikizimika katikati ya mlima, breki nazo huwa nzito, na nyuma wamekaa watu juu ya magunia. Jambo limekwisha toka katika fedha, limeingia katika roho za watu.

Na wewe mnunuzi, sheria imekupa haki ya kurudisha kitu chenye ila iliyokuwapo kabla ya mauzo. Ila katika madhehebu yetu ya Shafii, sharti uidai mara uijuapo. Ukiendelea kukitumia huku unaijua, unaipoteza haki hiyo. Wengi wetu huona haya kumrudia mwenzetu wa safu moja, tukaita haya hiyo subira. Basi lipandishe gari mlimani kabla ya kulipa, na asubuhi, injini ikiwa baridi, funua kifuniko cha oili utazame. Wala muuzaji asijifiche nyuma ya neno "nauza lilivyo" hali anajua lilivyo. Akiwa na shida ya fedha, aitaje hedi iliyopinda, apunguze bei. Wapo wanaotafuta vipuri watakaolichukua.

Pikapu ile ingali imesimama nyuma ya nyumba kule juu, kuku wanataga ndani yake. Aliyeiuza yu hai, na waliomlipa wa hai; mlango wa kurudishiana haujafungwa.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu.