URAIA HAUISHII KATIKA CHETI



Sheria ndiyo inayompa mtu uraia, lakini ujirani ndio unaomfanya ajione yu kwao. Mambo hayo mawili yasipokwenda pamoja, mtu huwa raia katika karatasi na mgeni mlangoni pa ofisi.

Ushahidi upo Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika mkoa ambao sasa unaitwa Katavi. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwafukuza makwao maelfu ya watu, nao wakakimbilia Tanzania. Serikali haikuwaweka wangoje mgao wa chakula daima. Iliwapa ardhi ya porini, wakafyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajitegemea na kulipa kodi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe walipewa, wakalishika barabara.

Hata hivyo, jembe halikuwaondolea jina la ukimbizi. Aliyetaka kutoka nje ya makazi hayo alihitaji kibali. Mtoto aliyezaliwa humo na kusomeshwa kwa Kiswahili aliendelea kuhesabiwa mkimbizi, ingawa nchi ya wazazi wake hakupata kuiona.

Mwaka 2007 wakimbizi hao walipewa hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia. Walio wengi walichagua Tanzania, na zaidi ya 162,000 wakakubaliwa. Lakini walitakiwa kuukana uraia wa Burundi, kisha wahame na kutawanywa katika mikoa mingine. Hapo ndipo kazi ilipokwama. Kwa miaka kadhaa watu hao waliishi wakiwa wameuacha uraia mmoja bila kushika cheti cha ule wa pili. Mkulima asiyejua kama mwakani atakuwapo hapandi mwembe, wala hajengi nyumba ya matofali. Sharti la kuhama liliachwa, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014.

Serikali ilitimiza wajibu wake, ingawa kwa kuchelewa. Sehemu iliyobaki imo mikononi mwa watumishi wa umma na walimu. Karani anayekisoma cheti halali, kisha akamwuliza mwenyewe kwao hasa ni wapi, anaitengua kazi ya Taifa kwa swali moja. Mwalimu anayenyamaza wanafunzi wanapolitumia jina la kabila au la nchi jirani kama tusi anafundisha somo ambalo halimo katika muhtasari wowote.

Hapana ubishi kwamba mipaka lazima ilindwe, na aingiaye bila idhini achukuliwe hatua za kisheria. Lakini sheria hudai ushahidi. Haipimi uraia kwa jina wala kwa lafudhi. Kiha cha Kigoma na Kirundi ni lugha za karibu sana. Anayewachambua watu kwa masikio atamkamata Mtanzania wa asili kabla hajamwona mgeni.

Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilihusu undugu wa binadamu wote na umoja wa Afrika. Ahadi hiyo haikuwekewa sharti la mahali mtu alipozaliwa. Basi kila mtumishi aliye mezani na kila mwalimu aliye darasani hana budi kuitekeleza pale pale alipo, kwa yule aliye mbele yake.