Ukurasa Uliobebeshwa Kazi ya Programu

Mwanafunzi anajaza fomu ndefu ya maombi kwenye simu: majina, namba ya mtihani, taarifa za wazazi. Anabonyeza "Tuma", mtandao unakatika. Akirudi nyuma, visanduku vyote ni vitupu. Wengi watamlaumu yeye, au mtandao. Mimi nalaumu chombo chenyewe, yaani wavuti.

Tim Berners-Lee alipopendekeza wavuti kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, mwaka 1989, alitaka wanasayansi wasomeane nyaraka. Ndiyo maana seva hujibu ombi moja na kulisahau papo hapo. Ombi linalofuata hulipokea kama la mgeni. Mwaka 1994 ilibidi kampuni ya kivinjari ya Netscape ibuni vidakuzi ili mtu atambulike akirudi, na mwaka uliofuata mhandisi wake Brendan Eich akaunda lugha ya JavaScript kwa takriban siku 10. Ni viraka juu ya viraka, na leo juu yavyo tunaendesha benki.

Hata Steve Jobs, mkuu wa Apple, mwaka 2007 aliwaambia waundaji programu kuwa wavuti ungewatosha kwenye iPhone. Haukutosha: mwaka mmoja baadaye Apple ikafungua duka la programu.

Vivinjari vya sasa vinaweza kuhifadhi data kwenye simu mpaka mtandao urudi, ila sharti mtengenezaji aiandike kazi hiyo mwenyewe. Wengi hawaiandiki, kwa kuwa hujaribu mifumo yao ofisini, penye intaneti isiyoyumba. Taasisi za umma ziwadai watengenezaji waijaribu mifumo hiyo kwa simu ya bei nafuu, mtandao ukizimwa katikati ya fomu, kabla ya kuwalipa hata shilingi.